Khabari ya Koti la Rubani



Mwezi huu tutasema nanyi juu ya koti. Huenda mmoja wenu akacheka, akauliza: Maalimu wa chuo na makoti ya marubani, wapi na wapi? Nasi twakiri kwamba hatukulitafuta jambo hili. Lilitujia lenyewe barazani, katika jua la Januari hapa Tanga, likiwa mwilini mwa kijana tuliyemsomesha Juzuu Amma, ambaye sasa ni mtu mzima afanyaye kazi Leicester, Uingereza. Alikuja likizo kuwazuru wazee wake. Alitoa shikamoo huku jasho likimtiririka, nasi tukamwambia, "Marahaba, mwanangu. Vua koti, hapa hapana baridi." Akajibu, "Maalimu, nitalivua mkishalitazama. Hili ni la vita. La mwaka 1942."

Tukalitazama. Ni koti fupi la ngozi ya rangi ya kahawia, lakomea kiunoni. Mbele lina zipu. Ncha za kola zashikwa na vifungo vya kubana visivyoonekana. Mabegani mna mikanda kama ya askari. Na chini, pamoja na kwenye ncha za mikono, pametiwa sufi iliyofumwa ili ibane mwili. Alilinunua kwa paundi mia tisa katika maonyesho ya vitu vya kale, kwa mtu aliyemwambia kwamba lilivaliwa na rubani wa Kimarekani. Fedha hizo alizikusanya kwa muda wa miezi minane kwa kufanya kazi za usiku.

Kwa wasiojua, na sisi tulikuwa miongoni mwao mpaka tulipouliza na kusoma, koti la namna hii lina jina lake, nalo ni A-2. Kikosi cha anga cha jeshi la Marekani kililikubali mwaka 1931 lishike mahali pa A-1, ambalo lilifungwa kwa vifungo badala ya zipu. Halikushonwa na kiwanda kimoja. Serikali ilitoa kandarasi kwa viwanda vingi, mathalan Rough Wear, Perry, Dubow na Aero Leather, na kila kiwanda kilikata ngozi kwa namna yake ndani ya masharti yale yale. Ndiyo maana mjuzi hukitambua kiwanda kwa umbo la kola au la mfuko kabla hajasoma lebo. Ngozi nyingi zilikuwa za farasi, maana farasi walikuwa wengi Marekani zama zile. Ziko pia za mbuzi na za ng'ombe. Mwaka 1943 Jenerali Arnold, mkuu wa jeshi hilo la anga, alizuia kandarasi mpya za makoti ya ngozi, na ya kitambaa yakachukua mahali pake. Kwa hiyo A-2 la vita lililo la kweli lina umri wa miaka 80 na zaidi, na yaliyosalia yakiwa mazima hununuliwa kwa fedha nyingi.

Vijana hawalipendi kwa ajili ya kandarasi. Wengine walilipenda kwa kumwona Steve McQueen amelivaa katika sinema ya The Great Escape ya mwaka 1963. Huyu wetu alilipenda kwa sababu nyingine, nayo yatupendeza zaidi. Aliona picha za marubani weusi wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, walioanza kufundishwa mwaka 1941, wakati wakubwa wengi wa jeshi waliposema kwamba mtu mweusi hana akili wala moyo wa kurusha ndege ya vita. Kikosi chao cha 99 kilifika Afrika ya Kaskazini mwaka 1943, kikapigana huko, kisha Italia. Katika picha hizo wamesimama mbele ya ndege zao na makoti ya A-2 mwilini. Kijana mweusi aliye peke yake katika mji wa baridi akitamani koti kama lile, hatumlaumu.

Basi tukamwita jirani yetu mshona viatu, mzee aliyeshika ngozi tangu utotoni. Hajui A-1 wala A-2, lakini ngozi aijua. Aliligeuza koti ndani nje, akapapasa mishono, akavuta ncha ya uzi iliyotokeza chini ya mfuko, akaikata, akaisogezea njiti ya kibiriti. Uzi haukuungua ukawa majivu kama uzi wa pamba. Uliyeyuka, ukafanya kijitone kigumu cheusi. Mzee akatuonyesha kile kijitone juu ya ukucha wake, akasema, "Nyuzi hizi mimi nimeanza kuziona nikiwa mtu mzima." Na makoti ya A-2 ya wakati wa vita yalishonwa kwa uzi wa pamba.

Kisha, katika mshono wa bitana chini ya mkono wa kushoto, akagundua kipande cha utepe mweupe kilichokatwa kwa mkasi. Juu yake ilisalia nusu ya mchoro wa pasi iliyopigwa msalaba. Michoro hiyo ya kuwaelekeza wafuaji haikuwako mwaka 1942. Lebo ya shingoni ilikuwa imeandikwa sawasawa, aina ya koti, namba ya mchoro 30-1415 na jina la kiwanda. Lakini lebo huchapwa na ye yote apendaye. Mwisho mzee akaweka kidole kwenye kiwiko, palipopauka kana kwamba pamechakaa. "Kiwiko hukunjika kwanza, ndipo kichakae," akasema. "Hiki kimechakaa na hakijakunjika. Hapa pamepitishwa msasa."

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema maneno yaliyotufanya tushike kalamu. "Maalimu, nitaliuza. Wala sitasema kwamba ni la vita. Nitatia picha zake katika mnada wa intaneti, na lebo yake ionekane, na mtu aamini atakacho. Mimi sitakuwa nimesema uwongo."

Tukamkumbusha khabari aliyoisoma kwetu akiwa na umri wa miaka kumi. Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema kwamba mvua ilimnyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Mwenye nafaka yule, ndugu wasomaji, hakuwa ametamka neno la uwongo. Alinyamaza tu, akaacha nafaka kavu iseme badala yake. Na lebo iliyoonyeshwa kwa makusudi katika picha ni nafaka kavu ya juu.

Kijana akauliza, "Na paundi zangu mia tisa je?" Swali la haki. Uingereza iko sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015, nayo yamlazimu mfanyabiashara auze kitu kilicho sawa na alivyokieleza. Lakini alilipa fedha taslimu, hakuchukua risiti, wala hakujua jina la muuzaji. Tulimwambia waziwazi kwamba hasara hiyo imekwisha kumpata yeye, na kwamba kumvisha mtu mwingine hasara hiyo si kuirudisha. Hakufurahi. Alikula chakula cha mchana kwetu bila kusema mengi.

Sasa tusije tukafahamiwa vibaya. Kosa halikuwa katika koti. Kufanyiza kitu kipya kwa mfano wa kitu cha kale si aibu, nako ni kazi ya ufundi mkubwa. Yako makoti ya ngozi yanayoshonwa Sialkot, Pakistan, yakapelekwa nchi nyingi kwa bei rakhisi. Yako Galashiels, Scotland, ambako kampuni ya Aero Leather imechukua jina la kile kiwanda cha zamani cha Marekani. Yako ya Eastman, katika jimbo la Devon, Uingereza. Tena wako Wajapani, Real McCoy's na Buzz Rickson's, na jina hili la pili ni la rubani wa hadithi aliyeigizwa na Steve McQueen huyo huyo katika sinema ya mwaka 1962. Mafundi wa namna hii huyachunguza makoti ya kale mshono kwa mshono, wakatengenezesha upya hata zipu na sufi za mikono. Kwa maoni yetu Wajapani hao wamekitunza kitu cha Wamarekani kuliko Wamarekani wenyewe. Makoti ya daraja hii bei yake hukaribia paundi elfu moja au huzipita, lakini kila moja huuzwa kwa jina lake: mfano, limeshonwa siku hizi. Koti lile lile, mtu wa katikati akilikata utepe na kulipitisha msasa, huwa ghushi. Ngozi haikubadilika wala mshono. Kilichobadilika ni neno la mwenye kuuza.

Kwa hiyo anayetaka koti hili na anunue mfano, ajue kwamba ni mfano, na alipe thamani ya ngozi na ya kazi, asilipe thamani ya vita. Na asinunue kwa mkopo. Koti jema lavaliwa miaka 20 na zaidi. Lakini deni lake likidumu miaka miwili, mwenye nalo atalichukia kabla halijalainika.

Katika ngozi ndimo yalimo mambo. Iko namna mbili kubwa za kuitengeneza. Namna moja ni ya dawa ya kromi; humalizika kwa muda mfupi, na ngozi hutoka laini. Namna ya pili ni ya magome ya miti, nayo huchukua majuma mengi. Ngozi hutoka ngumu, kisha hushika umbo la mwili wa mwenye kuivaa, na mikunjo yake hung'aa. Wapenzi wa makoti haya huitaka ya magome. Hapo twatabasamu kidogo, maana magome hayo si mageni kwetu. Wazee wetu wa pwani walikata mkandaa katika mikoko ya Rufiji na Lamu, na magome yake yakapakiwa majahazini na melini kwenda kutengenezea ngozi za watu wa mbali. Na miwati ya Njombe na ya nyanda za juu za Kenya ilipandwa kwa kazi hiyo hiyo. Mtu anayejigamba Ulaya kwa koti la ngozi ya magome aweza kuwa amevaa mti wa kwetu asijue.

Ngozi ya farasi ni nzito na kakamavu mwanzoni, na uso wake ni laini wenye kung'aa. Ya mbuzi ni nyepesi, nayo ni imara kuliko unavyoidhani kwa wembamba wake, na ukiitazama karibu ina chembechembe. Ya kondoo ni laini sana mkononi dukani, na wengi hudanganyika kwa ulaini huo, lakini huchanika upesi. Maneno "ngozi halisi" yaliyochapwa kwenye lebo hayatoshi hata kidogo, kwa sababu hayasemi ni ngozi ya nani. Mwislamu hana budi kuuliza, tena apate jibu kwa maandishi, maana ngozi ya nguruwe nayo ni ngozi halisi. Dalili yake ni vitundu vya nywele vilivyokaa vitatu vitatu kama mafiga.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ngozi ya mnyama asiyechinjwa kisharia hutwahirika ikisha kudibaghiwa, isipokuwa ya nguruwe na ya mbwa. Basi koti la ngozi ya farasi au ya mbuzi lililotengenezwa Scotland au Japani, mtu ataswali nalo bila wasiwasi. Manyoya ni jambo jingine. Kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ni kwamba nywele za nyamafu hazitwahiriki kwa kudibagha, ijapokuwa wako wanavyuoni waliosema kwamba hutwahirika pamoja na ngozi. Kwa hiyo anayetaka yale makoti ya kondoo yenye manyoya ndani, kama B-3 la Marekani au lile la Irvin walilolivaa marubani wa Kiingereza, au G-1 la wanamaji lenye manyoya kwenye kola, na aulize alichinjwa wapi huyo kondoo, au alivue wakati wa swala. A-2 halina taabu hiyo, kwa kuwa sufi yake imefumwa. Bitana yake iwe ya pamba. Mwanamume asikubali hariri.

Juu ya kipimo twasema kwa ufupi. Makoti ya vita yalikatwa membamba na mafupi, na mfano wa kweli huwa hivyo hivyo. Asiagize mtu kwa herufi ya saizi. Achukue koti lake limkaalo vema, alilaze mezani, apime toka kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu wa mkono na wa mgongo, kisha alinganishe na vipimo vya muuzaji. Kifua cha koti kizidi kifua chake kwa inchi nne hivi. Na asidhani kwamba amenunua koti la baridi kali. Warushaji wa ndege za mabomu walipopaa juu sana, ambako baridi hufika digrii 40 chini ya sifuri na zaidi, hawakutegemea A-2. Walivaa ngozi za kondoo, au nguo zilizotiwa umeme wa joto. Wala halina mifuko ya kupashia mikono. Yale mawili yenye vifuniko ni ya kutilia vitu, kwani askari kutembea na mikono mifukoni kulihesabiwa utovu wa adabu. Kijana wetu alikubali kwamba Leicester, mwezi wa Februari, alilivaa hilo juu ya fulana mbili na bado alitetemeka.

Limebaki jambo la mapambo. Marubani walichora migongoni mwa makoti yao: picha za mabomu, kila bomu kwa safari moja ya vita, majina ya ndege, na mara nyingi wanawake wasio na nguo. Leo wako wauzao mifano iliyokwisha chorwa yote hayo. Picha za wanawake hatuna haja ya kuzieleza. Mtu na afikirie tu wale watakaosimama safu ya nyuma yake msikitini. Yale mabomu ndiyo yatusumbuayo zaidi. Mabomu 25 mgongoni maana yake mtu amekwenda mara 25 mahali ambapo wenziwe wengi hawakurudi. Mtume (s.a.w.) amemfananisha mwenye kujionyesha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Sisi twaona hapa ipo ya tatu, ya ngozi. Koti na liwe tupu. Aliyelivaa akitaka kuwakumbuka watu wa Tuskegee, na asome khabari zao, awasimulie watoto wake.

Kijana alirudi Uingereza. Baada ya mwezi alituletea kwa simu nakala ya tangazo lake. Alikuwa ameandika: mfano wa A-2, limeshonwa siku hizi, uzi si wa pamba, limepitishwa msasa, mimi mwenyewe nililiuziwa kama la kale. Akatia na picha ya ule utepe uliokatwa. Alinunua mtu mmoja katika wale waigizao vita vya zamani kwenye viwanja vya ndege vya kale, kwa paundi 120, akamwambia kwamba kwa kazi yake lafaa sana, kwa kuwa hataogopa kulitia matope.

Sasa ameanza kuweka akiba tena. Juzi ametupelekea vipimo vya kifua na mikono yake, akatuuliza, kwa mtu aendaye kazini kwa baiskeli, bora ngozi ya mbuzi au ya farasi. Swali hilo tumelipeleka kwa mshona viatu. Amesema hajibu mpaka aletewe vipande vya ngozi zenyewe avikunje kwa mkono wake.